Je, Tumbo Letu Limezoea?

(Maneno aliyosema mfanya kazi mmoja wa reli mbele ya mkutano wa wafanya kazi na wenyeji wa Chundwa, kisiwa cha Pate, Lamu.)



Nawashukuru kwa kunikaribisha hapa Chundwa, na mabaharia walionivusha kutoka Amu nawashukuru zaidi, maana mtu wa reli akiingia mashuani huwa sawasawa na gunia. Hapa kisiwani hakuna reli, lakini kuna wavuvi, wakata mikoko, makuli, waashi na vibarua, nao wote wana matumbo kama yetu sisi wa gengi. Chama kimenituma niseme nanyi juu ya maji safi mahali pa kazi. Nami naomba ruhusa nianze na tumbo lenyewe, kwa sababu kila tunapodai maji safi tunajibiwa neno moja tu: "Hao wamezoea."

Neno hilo nimelisikia kwa mnyapara, nimelisikia kwa karani, na la kusikitisha zaidi, nimelisikia kwa wafanya kazi wenyewe. Mtu anachota maji ya shimo kando ya njia ya reli, anakunywa, anafuta mdomo, anasema: "Mimi tumbo langu la chuma. Mgeni akinywa haya atalazwa."

Katika kambi moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja jina, tangi la maji halikuwa na kifuniko. Ndege walitua juu yake, na ndoo ya kuchotea ililala chini kwenye matope. Vijana waliokuja wapya kutoka bara waliharisha juma zima. Tulipokwenda kulalamika tuliambiwa, "Angalieni, wa zamani hawaumwi. Hawa wapya nao watazoea." Na kwa kweli wale wa zamani hawakuumwa sana. Hapo tulinyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Leo jibu lipo. Mimi si daktari, wala sitajifanya daktari. Nitawaeleza yale ambayo mabingwa wameyachunguza na kuyaandika, kisha ninyi wenyewe mtapima.

Utumbo mdogo wa mtu mzima ukinyoshwa hufika kama mita 6. Ndani yake si laini kama bomba la mpira. Umejaa vijinyuzi vilivyosimama mfano wa nyuzi za taulo, ili chakula kipate mahali pengi pa kuingilia mwilini. Mwaka 2014 mabingwa wawili wa Sweden walipiga hesabu ya eneo lote la ndani ya njia ya chakula, wakapata kama mita za mraba 32. Ngozi yetu ya nje ni kama mita za mraba 2 tu. Basi mjue kwamba mahali ambapo mwili wetu unakutana zaidi na dunia si mikononi wala usoni. Ni humo tumboni.

Na ukuta wa humo ni mwembamba ajabu. Ni safu moja tu ya chembe hai, ambazo siku hizi twaziita seli, zimepangwa bega kwa bega. Seli hizo hazikai. Kila baada ya siku 3 hadi 5 zile za zamani hudondoka na mpya hushika zamu. Mtu atauliza, kwa nini Mungu hakuujenga ukuta huo mnene kama ngome ya Siyu? Kwa sababu ungekuwa mnene, chakula kisingepita, na mtu angekufa kwa njaa huku ameshiba. Kazi ya ukuta huu ni ngumu kuliko kazi ya ngome. Ni kama kazi ya mlango wa stesheni. Abiria sharti wapite maelfu kwa maelfu, na mwizi asipite, wala treni isicheleweshwe.

Tena hao wasafiri si wachache. Bakteria wanaokaa ndani ya mwili wa mtu mmoja wamekisiwa kuwa kama trilioni 38, na karibu wote wamo katika utumbo mpana. Wengi wao ni raia wema. Husaga mabaki ya chakula, hututengenezea baadhi ya vitamini, na huziba nafasi ambazo wabaya wangezikalia. Kwa hiyo askari wa tumboni hana ruhusa ya kupiga kila anayemwona. Akifanya hivyo atachoma nyumba kwa ajili ya panya mmoja, na kuna watu wenye maradhi ya namna hiyo, ambao matumbo yao hupigana na raia wema mpaka ukuta unatoka vidonda.

Sasa tuwatazame askari wenyewe.

Kabla ya kufika utumboni, mdudu hupita katika tindikali ya tumbo la juu, na wengi hufia huko. Anayepona hukuta ute mzito umeupaka ukuta wote, ute unaotengenezwa na seli maalum, nao humnasa kama nzi katika asali. Chini kabisa, katika vishimo vilivyo kati ya vile vijinyuzi, kuna seli ambazo Joseph Paneth wa Austria alizieleza mwaka 1888 na zikaitwa kwa jina lake. Hizo hutema dawa za kutoboa ngozi ya bakteria. Hawa wote humpiga adui bila kumwuliza jina. Ni walinzi wazuri, lakini hawakumbuki mtu.

Wanaokumbuka ni wengine, na hawa nataka mwafahamu vizuri, kwa maana ndio wanaohusika na neno letu la "kuzoea".

Mwaka 1677 daktari wa Uswisi, Johann Conrad Peyer, aliandika juu ya vibaka alivyoviona katika ukuta wa utumbo mdogo. Zilipita karne nyingi kabla ya watu kujua vibaka hivyo vina kazi gani. Leo twajua kwamba ni vituo vya polisi. Juu ya kila kibaka kuna seli zisizo na vijinyuzi na zenye ute mchache, nazo hufanya jambo la kushangaza: huwafungulia mlango baadhi ya wadudu, makusudi. Humchukua mdudu mmoja mmoja kutoka ndani ya utumbo na kumpitisha chini, ambako askari wenye mikono mirefu kama pweza wanamngoja. Seli hizo za mikono mirefu zilielezwa na Ralph Steinman huko Marekani mwaka 1973, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2011. Humkamata mdudu, humkatakata, na kuubeba mkono wake au mguu wake, kama mtu anayeonyesha kofia ya mwizi, mpaka kwa wakubwa wa kituo: "Mnamjua huyu?"

Akiwa hajulikani, huanza kazi ya kufundisha. Seli nyingine huzaliana kwa wingi, zikafunzwa kumtambua mdudu yule peke yake. Zikihitimu hutoka kituoni, huingia katika mishipa ya limfu, kisha katika damu, huzunguka mwili mzima, na mwisho hurudi zilikozaliwa, utumboni, chini ya ule ukuta mwembamba. Hapo hutulia na kuanza kutengeneza kingamwili, ile ambayo mabingwa huiita IgA. Si kidogo. Mtu mzima hutoa kama gramu 3 hadi 5 kila siku, kupita kingamwili nyingine zote za mwili. Seli za ukutani huipokea kwa upande wa ndani, huibeba, na kuimwaga upande wa pili katika ute.

Na tazameni kazi yake ilivyo ya utulivu. IgA haipigi kelele, haileti homa, haivimbishi kitu. Humshika mdudu, humfunga na mwenzake, na mwenzake na mwingine, mpaka wanakuwa furushi lisiloweza kuugusa ukuta. Kisha furushi hilo hutoka pamoja na choo. Mtu hajui hata kwamba alivamiwa.

Huo ndio mnaouita uzoefu, ndugu zangu. Wale wa zamani kambini walikuwa na IgA ya wadudu wa tangi lile. Vijana wapya hawakuwa nayo.

Basi sasa mnyapara amepata ushahidi? Ngojeni. Tumalize hesabu yote kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, kila kingamwili ina adui wake. Uzoefu wa tangi la kambi haukufundishi kipindupindu. Twajua kwamba kipindupindu cha zamani hizi kilianza kuenea kutoka Indonesia mwaka 1961, kikaingia Kenya mwaka 1971, na hata leo hurudi mara kwa mara. Mwaka 2022 kilizuka tena, na Februari 2023 serikali ililazimika kutoa chanjo ya kunywa katika Nairobi, Wajir, Garissa na Tana River, ambao ni jirani zenu wa mlango wa pili. Mdudu wa kipindupindu haingii hata ndani ya ukuta. Hukaa juu yake, hutoa sumu, na sumu hiyo hufungua mifereji yote ya seli. Maji ya mwili hukimbia nje, na kwa mgonjwa aliyezidiwa yaweza kupotea hata lita moja kwa saa. Askari wa mwili wanahitaji siku nyingi ili kujifunza adui mpya, na kipindupindu chaweza kumuua mtu katika saa chache. Nani atashinda mbio hizo?

Ndiyo sababu ya chanjo. Humfundisha askari kabla ya vita. Nanyi mtaona kwa nini chanjo ya namna hii hunywewa: mafunzo hufanyika vizuri katika vituo vile vya utumboni. Mfano mzuri uko pwani yetu wenyewe. Mwanzoni mwa mwaka 2009, katika Unguja na Pemba, watu wa sehemu zilizokuwa zikishambuliwa na kipindupindu walipewa chanjo yenye wadudu waliokwisha kufa pamoja na kipande cha ile sumu kisichoweza kudhuru. Waliinywa katika maji yenye magadi maalum ya kupoza tindikali ya tumbo, ili kile kipande cha sumu kisiharibiwe njiani kabla ya kufika utumboni. Karibu watu 24,000 walikunywa dozi zote mbili. Madaktari walipofuata habari zao waliona hatari ya kuugua imepungua kwa asilimia 79. Tena, katika mitaa ambayo wengi walikunywa, hata jirani ambaye hakunywa aliugua kwa nadra kuliko wa mitaa mingine, maana mdudu alikosa pa kupita. Sisi watu wa chama jambo hilo halitushangazi.

Lakini chanjo nayo hufifia baada ya miaka michache, na mwaka 2022 dunia nzima ilipungukiwa nayo hata ikaamuliwa watu wapewe dozi moja badala ya mbili. Mtu asiwaambie kwamba kikombe cha chanjo ni badala ya bomba la maji.

Pili, wako wadudu wanaojua kuutumia ule mlango wa kituo cha polisi. Mdudu wa homa ya matumbo huingia kwa mlango ule ule wa uchunguzi, humezwa na askari, kisha, badala ya kufa, hukaa ndani ya askari yule kama msafiri katika behewa, akapelekwa mpaka kwenye ini na wengu. Mdudu wa kuhara damu naye huingia humo humo, humuua askari aliyemmeza, na kuushambulia ukuta kwa upande wa nyuma ambako hakuna ute. Huyu wa kuhara damu hahitaji jeshi. Wadudu 10 hadi 100 waweza kutosha kumwangusha mtu mzima mwenye afya. Mwezi wa Julai 2025 Kenya ilianza kuwapa chanjo ya homa ya matumbo watoto kuanzia miezi 9 mpaka kabla ya kutimiza miaka 15. Wenye watoto wawapeleke. Hiyo ni sindano, na inafaa.

Tatu, na hapa naomba wazee wanisikilize sana. Uzoefu una bei, na anayelipa si yule anayejisifu.

Mtoto anayekunywa uchafu kila siku, hata kama haharishi, askari wake wa tumboni hawalali. Wako vitani usiku na mchana. Vita vikizidi, ule ukuta huchoka. Vile vijinyuzi mfano wa taulo hufupika na kuvimba, na mahali pa kupitia chakula hupungua. Seli zilizoshikana bega kwa bega huachana kidogo, wadudu wakapenya. Chakula kinachoingia kwa shida hutumika kulisha vita badala ya kurefusha mifupa. Hali hiyo imeonekana kwa watoto wa nchi nyingi zenye maji mabaya, Afrika na Asia. Mtoto hana homa, hana kuhara, anacheza, lakini harefuki. Tena inafikiriwa kwamba ndiyo sababu mojawapo inayofanya chanjo za kunywa zisifanye kazi kwa nguvu katika nchi maskini kama zinavyofanya Ulaya. Askari aliyechoka hafundishiki.

Na wako ambao askari wao wamepunguzwa na jambo jingine. Utapiamlo huwapunguza. Virusi vya UKIMWI hushambulia mapema wale askari waliomo katika ukuta wa utumbo, ndipo wadudu waliokuwa wakizuiwa hapo wakapata njia ya damu. Na dawa zikinywewa sawasawa askari wengi hurudi. Malaria nayo huwavuruga. Hospitali ya Kilifi, madaktari walipochunguza damu ya watoto waliolazwa kati ya 1998 na 2002, salmonela alikuwa miongoni mwa bakteria waliopatikana mara nyingi. Huyo ni mdudu wa tumbo. Kwa mtoto aliyeshiba na asiye na malaria, mara nyingi angeishia kuwa kuhara kwa siku chache. Kwa mtoto aliyedhoofika anakuwa ugonjwa wa damu, na wengi hufa.

Kwa hiyo tunaposema "sisi tumezoea", tunahesabu waliobaki. Wale ambao hawakuzoea tumewazika, na wengi wao walikuwa hawajafika miaka mitano.

Sisi wa reli tunalo somo la zamani katika jambo hili. Reli ya kutoka Mombasa mpaka Kisumu ilijengwa tangu 1896 hata 1901. Walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwa zaidi ya 31,000, na karibu 2,500 walikufa. Mkimwuliza mtoto wa shule nini kiliwaua atawaambia simba wa Tsavo. Simba wale walikuwapo, mwaka 1898, na waliua watu kweli. Lakini wengi zaidi waliuawa na maradhi, malaria na kuhara damu yakiwamo. Simba wamepata sinema na wamewekwa katika jumba la makumbusho huko Chicago. Ndoo ya maji machafu haikuwekwa mahali popote.

Sasa niseme na mama zangu, kwa sababu kuna jambo moja katika habari hii ambalo mimi nilipolisoma nilifunga kitabu nikakaa kimya.

Niliwaambia kwamba zile seli zilizofunzwa hutoka utumboni, huzunguka katika damu, na kurudi utumboni. Mama anaponyonyesha, nyingine hazirudi. Hupanda mpaka maziwani, zikatulia huko, na kutengeneza IgA ndani ya maziwa. Maana yake nini? Mama wa Chundwa anakunywa maji ya Chundwa, anakula samaki wa Chundwa, anashika mlango na sufuria za nyumba yake. Wadudu wa nyumba hiyo ndio waliofundisha tumbo lake. Basi kingamwili anayompa mtoto ni ya wadudu wa nyumba ile ile, wale ambao mtoto atakutana nao kesho. Maziwa ya kopo hayana habari za Chundwa. Kiwandani hawajui nyumba yako ina wadudu gani. Mtoto mchanga bado hana IgA yake ya kutosha, hivyo kwa miezi 6 ya kwanza apewe maziwa ya mama peke yake, bila maji, hata maji ya jabia yaliyochemshwa. Na mwajiri anayemnyima mama nafasi ya kunyonyesha anamnyang'anya mtoto askari wake.

Juu ya jabia. Nimeona jinsi mnavyoyatunza maji ya mvua, nami nawapongeza, maana kisiwa hiki visima vingi vina chumvi. Mzee mmoja ameniuliza kama wale samaki wadogo wanaowekwa katika birika husafisha maji. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, na hiyo ni kazi kubwa, kwa sababu huzuia malaria, na malaria nimekwisha kusema inavyovuruga askari wa mwili. Lakini samaki hali bakteria. Maji ya kunywa yachemshwe yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo, na jabia lifunikwe, na ndoo ya kuchotea isiguse chini.

Mtu akiharisha, mpeni maji ya chumvi na sukari: vijiko vidogo 6 vya sukari, vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko cha chumvi, katika lita moja ya maji safi. Msizidishe chumvi. Seli za ukuta, hata zikiwa zimevurugwa na sumu ya kipindupindu, bado zina mlango mmoja ambao sukari na chumvi hupita pamoja, na maji huzifuata. Mpelekeni mgonjwa kwenye zahanati huku anakunywa njiani. Paketi na vidonge vya zinki hutolewa huko. Zinki hiyo mtoto anywe siku 10 hadi 14 bila kuacha, hata kama amepona siku ya tatu, kwa kuwa husaidia ukuta kujijenga upya.

Sasa nirudi kwa yule karani na "wamezoea" yake, maana safari hii anaweza kuja na ujanja mwingine. Atasema: "Vema, tutawapa chupa ya klorini na sabuni." Nawaonya. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga ulifanyika uchunguzi mkubwa, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Waliandikishwa wanawake wajawazito 8,246. Wengine walipewa klorini ya kutia majini, wengine vyoo vilivyotengenezwa vizuri zaidi, wengine mahali pa kunawia na sabuni, wengine hayo yote pamoja. Watoto wakafuatwa mpaka umri wa miaka miwili. Kuhara hakukupungua. Urefu wa watoto haukuongezeka kwa hayo. Waliopata chakula cha nyongeza ndio waliorefuka kidogo. Wako waliosema, "Basi usafi hauna faida." Mimi naona wamekosea. Kama kuku wanatembea jikoni, kisima kiko mbali, na jirani hana choo, chupa ya klorini ni kama kuweka mkaguzi wa tikiti mmoja katika stesheni isiyo na uzio. Uchafu ulipungua, lakini haukupungua vya kutosha hata askari wa tumboni wapumzike. Chemsheni na tieni dawa, kwa sababu ndilo mnaloweza kufanya leo jioni. Ila msikubali lihesabiwe kuwa ndilo jibu la madai yetu. Tunadai maji yanayofika kwa bomba, ya kutosha, yaliyosafishwa kabla ya kufika, na vyoo ambavyo mtu hatavikimbia.

Na hilo si ombi la hisani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 32, yamtaka mwajiri awape wafanya kazi wake maji safi ya kutosha mahali pa kazi, na karibu na nyumba za kulala ikiwa yeye ndiye aliyewapa nyumba hizo. Sheria hiyo haikusema "isipokuwa waliozoea". Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kiasi cha kutosha. Wavuvi na wakata mikoko wasio na mwajiri, kifungu hicho ni chao, na huduma ya maji ni kazi ya serikali ya kaunti.

Bwana Katibu ana daftari pale mezani. Kila mmoja aandike mahali anapofanya kazi, maji yanatoka wapi, tangi au jabia lina kifuniko au halina, choo kiko umbali gani, na katika miezi mitatu iliyopita ni siku ngapi watu walikosa kazi kwa kuhara. Mandike pia watoto wangapi nyumbani waliharisha katika miezi hiyo. Msiandike majina ya wagonjwa, hesabu yatosha. Asiyejua kuandika amwambie mwenzake amwandikie. Mimi naondoka na maji ya kujaa kesho asubuhi, na daftari hilo nitalichukua mpaka ofisi ya chama Mombasa.